Sikio la Kushoto la Trekta

Mjukuu wangu alipokuja kuniita niende nikaone chuma, nilikuwa namimina mafuta ya taa kwenye kibatari, maana stima ya Garsen hukatika inapojisikia. Harufu ilikuwa bado vidoleni nilipofika nyuma ya ghala la zamani, karibu na soko la mifugo, na ndiyo iliyoniponza. Ningekuja na mikono safi, pengine ningekitazama kile chuma kama unavyotazama gari la mtu, nikajibu maswali, nikarudi zangu nyumbani kujilaza. Lakini trekta ile ilikuwa ikinywa mafuta ya taa. Wenzangu mliokulia huku mtoni zama zile mtaikumbuka harufu yake. Si ile ya taa ya nyumbani, ni ile ya mafuta yaliyochomwa na chuma cha moto, nzito, inayoshika kwenye nguo na nywele. Nilisimama pale nikavinusa vidole vyangu mwenyewe, na mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa.

Kijana aliyeinunua ni fundi kutoka Malindi, mpole na mwenye adabu. Kazi yake ni kutafuta trekta za kale na kuzirudisha zilivyokuwa siku zilipotoka kiwandani. Alikuwa ameichimbua kwenye matope ya mafuriko, ameiosha, na kwenye simu yake alikuwa na picha za trekta nyingine ya aina ile ile, mpya, inang'aa. Shida yake ni kwamba mafundi wengi wameipitia ile ya Garsen, kila mmoja akaondoa hiki akafunga kile. Alitaka mtu wa kumwambia kipi kilikuja nayo na kipi kilibandikwa baadaye. Watu wa mjini walikuwa wamemwambia kwamba baba yangu ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

"Bibi, kiti hiki ndicho cha mwanzo?"

Nikamwambia ndicho. Kiti cha bati nene chenye matundu, kimekaa juu ya ubapa wa chuma unaonesa ukikikalia. Bomba la moshi nikalikataa. La mwanzo lilikuwa refu zaidi, na juu lilikuwa na kifuniko kilichokuwa kikipigapiga injini ikinguruma. Matangi yote mawili yalikuwa yake, lile dogo la petroli na lile kubwa la mafuta ya taa. Iliwashwa kwa petroli, ikishapata joto dereva anageuza koki, ikaanza kunywa mafuta ya taa. Taa za mbele haikuwa nazo kabisa, hizo mtu kazifunga baadaye. Rangi akaikwaruza kwa kisu mbele yangu, kijani juu, chini yake nyekundu, na chini kabisa kijivu. Nikamwambia kijivu. Alifurahi, maana hata picha zake zilisema kijivu.

Halafu akainama kwenye madigadi ya nyuma, upande wa kushoto. Kwenye ukingo wake palikuwa na mkato wa pembe kama herufi V, na chini ya mkato huo kijikato kingine kidogo.

"Na hapa, Bibi? Hii naona ni ajali. Nitajaza chuma, nipige msasa, nipake rangi. Hutajua kulikuwa na kitu."

Uso uliniwaka moto, mtu mzima kama mimi, mwenye vitukuu. Nilitafuta mahali pa kukaa, mjukuu akaniletea kreti ya soda, nikakaa pale nikikitazama kile kijikato. Yule kijana alidhani jua limenizidi. Haikuwa jua, ilikuwa aibu, na ilikuwa mbichi vile vile kama nilivyoiacha.

Sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe. Mtoto akizaliwa kwetu hupewa ndama jike, na nyumbani tulimwita ng'ombe wa kitovu, kwa sababu mtoto hupewa kitovu chake kikiwa bado hakijaanguka. Ndama hukatwa alama sikioni. Sisi tulikata sikio la kushoto, mkato mmoja wa pembe, na kila mtoto akaongezewa kitu chake kidogo ili ndugu wasije wakagombana. Changu kilikuwa kijikato kimoja chini ya ule mkubwa. Kuanzia hapo ng'ombe ni wako, akizaa uzao ni wako, na msichana akiolewa huondoka na uzao huo ili asiingie nyumba ya watu mikono mitupu. Asiye na ng'ombe wake hata wifi mdogo anaweza kumsema.

Ng'ombe wangu simkumbuki. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipita nikiwa bado mgongoni, ikalimaliza boma letu lote, na Mama alisema harufu ya mizoga ndiyo iliyowahamisha. Aba, hivyo ndivyo tulivyomwita baba yetu, alibaki na fimbo yake na mbuzi wachache wa Mama. Ndugu zake walikwenda mbali na kile kilichosalia. Yeye akashuka mtoni kutafuta kazi ya kuajiriwa, jambo ambalo mwanamume wa kwetu zama zile hakulifanya akiwa na njia nyingine. Ndugu za Mama walilisema sana hilo. Walilisema kwa sauti ya chini, lakini watoto wana masikio.

Kazi aliipata kwenye shamba la mpunga la mzungu mmoja, chini kidogo ya Garsen, upande wa kwenda Ozi. Watu walimwita Bwana Kofia, kwa kofia yake pana aliyoivaa hata kivulini. Nawaambia mapema kwamba hakuwa mtu mbaya, msije mkakaa mkimsubiri mtu mbaya katika habari hii. Alipenda kucheka na kuchekesha, basi. Dereva wa trekta yake alikuwa Mpokomo anayeitwa Komora, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyekijua Kiorma kwa sababu alikua jirani na malisho yetu. Aba hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Kwa hiyo kila neno la Bwana Kofia kwenda kwa Aba lilipitia kwa Komora.

Aba akapewa kuilinda trekta, na yeye akaichunga. Hakujua namna nyingine ya kukaa na kitu cha mtu. Asubuhi nilipompelekea maziwa ya mbuzi nilimkuta ameshachota maji ya rejeta mtoni na kuyachuja kwa kitambaa. Mchana aliifuta matope magurudumuni, akachomoa nyasi zilizonasa kwenye plau. Jioni aliwasha samadi kavu upande unaotoka upepo, moshi ukaifunika yote, kama tunavyowafukizia ng'ombe mbu wasiwasumbue. Wakulima waliokuwa wakitoka mashambani na majembe walisimama njiani wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekwa. Nilijua kabisa kwamba trekta ni mnyama. Ilikuwa inakunywa, inatoa moshi, inatetemeka ubavuni ukiigusa, na asubuhi haiamki mpaka Komora aizungushe hendeli huku akiibembeleza.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. Kwetu mtu akikuchungia ng'ombe hunywa maziwa yake, na mwaka ukiisha salama huja mbele ya watu kuuliza ndama wake. Haombi. Anauliza, kwa sababu ni haki yake. Mwenye ng'ombe hutaja mnyama kwa kinywa chake, watu wakasikia, wakapeana mkono, yamekwisha. Mnyama mwenyewe anaweza kubaki kwenye boma la aliyetoa miaka mingi, akakamuliwa huko huko, na hakuna anayelalamika. Kinachobadilika ni sikio tu.

Mpunga ulipovunwa, Bwana Kofia aliwakusanya watu wa shamba chini ya banda. Mavuno yalikuwa mema na yeye alikuwa amechangamka, amekaa juu ya sanduku, ananyonya kiko. Nilikuwepo na kibuyu changu cha maziwa. Watu walipomaliza kusema yao, Aba akasimama ameegemea fimbo, akasema kwa Kiorma, taratibu, kama mtu anayesema mbele ya wazee. Komora akageuza kwa Kiswahili.

"Anasema mwaka umekwisha, Bwana. Anasema amechunga, mnyama hakuumia wala hakupotea. Sasa anauliza ndama wake."

"Ndama gani?"

"Ni desturi yao. Mchungaji hupewa ndama."

Bwana Kofia akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama hata chini ya sanduku kana kwamba ndama amejificha hapo. Watu wakaanza kucheka. Kisha akanyoosha kiko chake kuelekea trekta.

"Hapa ng'ombe hapana. Iko trekta tu. Ambia yeye achukue trekta. Mimi nampa."

Watu walivunjika mbavu. Komora naye alicheka, lakini huku akicheka alitafsiri, na alitafsiri vizuri, hakupunguza neno. Aba hakucheka. Alingoja watu watulie, akaenda mpaka pale kwenye sanduku, akanyoosha mkono. Bwana Kofia alikuwa akijifuta machozi. Aliupokea mkono ule akautikisa kwa nguvu, na watu wakacheka upya.

Tukirudi nyumbani Aba alitembea mbele yangu. Tulipokaribia vibanda vyetu akasema bila kugeuka, "Umepata ng'ombe." Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Mama alimtazama Aba, akaendelea kukoroga chungu.

Kesho yake Aba aliazima msumeno wa chuma kwenye sanduku la vifaa la Komora. Alikata madigadi ya kushoto, mkato mmoja wa pembe, halafu akapima kwa kidole akakata kile kidogo cha kwangu chini yake. Ilimchukua asubuhi nzima, jasho linamtiririka. Alipomaliza akazisugua kingo kwa tupa zisije zikamkata mtu, akachanganya samli na majivu, akapaka, kama tunavyolipaka sikio la ndama lisioze. Kisha akaushika mkono wangu akauweka pale. Chuma kilikuwa cha moto na samli ilikuwa ikitiririka. Aba alikuwa na uso ambao sikuwahi kumwona nao tangu nipate akili.

Komora alipokuja akaona, akashika kichwa.

"Godana, umefanya nini wewe? Tutafukuzwa sote."

"Nimekata sikio," Aba akamjibu. "Neno ulilileta wewe mwenyewe."

Bwana Kofia alipoona, kwanza aliiva uso, akatupa kofia chini, na mimi nikajificha nyuma ya gurudumu. Komora akamweleza yote, ndama, desturi, sikio, na binti. Nilichungulia nikaona hasira inamtoka taratibu. Kikaja kicheko, kikamzidi mpaka akashika gurudumu asianguke. Akaamuru mkato ule usiguswe. Aba hakufukuzwa. Mara nyingi nimetamani angefukuzwa siku ile.

Kuanzia hapo, mgeni akija shambani, awe ametoka Kipini kwa mashua au Malindi kwa gari, hakuondoka bila kuonyeshwa trekta ya Aba. Tulikuwa tukijua mapema, kwa sababu Komora alitumwa kutuita. Aba aliosha miguu, akavaa shuka yake safi, akasimama upande wa kushoto wa trekta na mkono wake juu ya madigadi. Mimi nilisimamishwa mbele yake. Bwana Kofia alieleza kwa lugha yao, kwa mikono na macho, akaigiza Aba anavyosugua kwa tupa, akaigiza samli. Mwisho alinigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, "Hii ng'ombe ya nani?"

Komora alikuwa amenifundisha la kujibu. "Ni yangu."

Wageni walicheka, wake zao wakanipapasa kichwa, nikapewa peremende. Zilikuwa na karatasi za rangi zinazong'aa, na mimi niliyakunja yale makaratasi nikayafunga kwenye ncha za misuko yangu. Wasichana wenzangu walinionea kijicho. Nilikuwa nimeelewa jambo lote vizuri, hivyo nilivyodhani. Niliona kwamba watu wakubwa wanatoka mbali kuja kumwona mwenye ng'ombe mkubwa kuliko wote wa mto Tana, na kwamba wanacheka kwa furaha, kama wageni wanavyocheka kwenye arusi. Nilikuwa nikimwuliza Komora kila siku kama kuna wageni. Nilijizoeza kusema "ni yangu" kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu niligundua kwamba ukisema kwa nguvu wanacheka zaidi, na wakicheka zaidi peremende zinaongezeka. Mwisho nikaongeza yangu mwenyewe. Niliipiga trekta kofi ubavuni, kama mtu anayemsukuma ng'ombe wake. Bwana Kofia alipenda sana hilo. Akawa ananiambia nirudie.

Siku moja mjomba wangu, kaka yake Mama, alipitisha ng'ombe wake kwenda kunywesha, akatukuta katikati ya shughuli. Alisimama mbali kidogo na mkuki wake begani. Nilimwona, nikafurahi kwamba ananiona. Nikasema "ni yangu" kwa nguvu zangu zote na kupiga kofi langu. Wageni walipoingia ndani kunywa chai, mjomba aliniita kwa kidole. Alishika msuko wangu mmoja, akaitazama ile karatasi.

"Unajua wanacheka nini?"

Nikamwambia wanafurahia ng'ombe wangu.

"Wanamcheka baba yako," akasema. "Wanakupa vitamu ili wewe uwachekeshe."

Hakusema zaidi, akawafuata ng'ombe wake. Mimi nilibaki nimesimama. Nilimtazama Aba, ambaye alikuwa bado pale kando ya trekta peke yake, ameweka mkono juu ya madigadi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia shughuli imekwisha. Nikaona miguu yake aliyoiosha. Nikaona shuka. Niliona kitu chote kwa mara moja, kama kilivyoonekana kwa wale wageni, na nilitamani ardhi ifunguke. Nilizing'oa zile karatasi pamoja na nywele. Kuanzia hapo kila aliyecheka popote, hata wanawake kisimani, nilidhani anatucheka sisi.

Wageni wengine walipokuja, nilimwambia Mama kichwa kinaniuma. Mama alimwambia Komora niko mgonjwa, lakini Aba akaja mwenyewe kibandani na shuka yake safi, akanitazama, akasema, "Twende." Tukaenda. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa kizungu mwenye mwavuli na wanaume kadhaa. Bwana Kofia alieleza, akaigiza tupa, akaigiza samli. Akanigeukia.

"Hii ng'ombe ya nani?"

Nilitazama chini. Akauliza tena, akitabasamu, akanionyesha peremende kiganjani.

"Si yangu," nikasema.

Alidhani sikusikia. "Ya nani?"

"Si yangu. Ni yako."

Hakuna aliyecheka. Bwana Kofia aliinua mabega, akasema kitu kwa wageni, wakaondoka kwenda kuutazama mto. Mwanamke mwenye mwavuli aligeuka akanitazama mara moja. Komora alikuwa na kitambaa mkononi, akaanza kufuta tangi ambalo lilikuwa safi. Nilidhani nimemwokoa Aba. Nilidhani atanishika mkono turudi nyumbani tukiwa watu tena.

Njiani alitembea mbele yangu kama siku ile ya kwanza. Tulipofika karibu na vibanda alisimama, na safari hii aligeuka.

"Humtaki?" akaniuliza.

Sauti yake haikuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayehitaji kujua. Nilichora mchanga kwa kidole cha mguu, naye akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepata jibu. Hakuniuliza tena, wala hakuniita tena mbele ya wageni. Mafuriko yalipokuja aliiacha kazi ile. Ndugu zake walimchangia mitamba wachache, tukarudi malishoni, na trekta ikabaki huko na sikio lake.

Miaka ikaenda, Alhamdulillahi, boma likajaa kidogo. Wadogo zangu waliozaliwa baada ya hapo walipewa ndama wao, wakakatiwa masikio. Mimi sikupewa. Nilikuwa nikingoja, kila ndama jike akizaliwa namtazama Aba, yeye anapita. Mama alimwuliza siku moja nikiwa nasikia, na alijibu bila hata kuacha kazi yake, "Yeye alishapewa." Nilidhani ananiadhibu. Nilipoolewa, wazee wa upande wa mume waliuliza, kwa adabu, ng'ombe wa bibi arusi yuko wapi, na Aba akawajibu mbele ya watu wote, "Ng'ombe wake yuko Garsen." Wote walijua habari ile. Nilikuwa nimefunikwa shela, na ndani ya shela nikasikia kicheko kinatambaa kutoka mkeka hadi mkeka. Niliingia kwa watu mikono mitupu, na kwa miaka mingi wifi zangu wakitaka kuniumiza waliniuliza tu kama trekta imezaa.

Kwa hiyo nilimwonea baba yangu aibu. Nasema hivyo wazi kwa sababu amekwisha kufa na mimi niko karibu. Nilimpenda, nilimpikia, nilimwosha alipokuwa mgonjwa, na huku nimemwonea aibu. Niliona ni mtu aliyeambiwa mzaha akauamini, na mpaka anazeeka hakuna aliyeweza kumtoa humo.

Mama ndiye aliyenivunja, wakati wa eda yake baada ya Aba kufariki. Tulikuwa tumekaa wawili, na mimi nikasema kitu cha dharau kidogo, kwamba maskini, hakujua wale watu walikuwa wakimcheka. Mama akanitazama sana.

"Hakujua nani?" akasema. "Nilimsihi asikupeleke tena. Nilimwambia wanakucheka wewe na mtoto wako. Akaniambia, wacheke. Akaniambia, kila anayecheka amelisikia neno, huyo ni shahidi. Akasema, siku mtoto akiulizwa ng'ombe wake yuko wapi, nataka watu wengi wawe wamesikia."

Basi alikuwa akiosha miguu yake akijua. Alivaa shuka safi akijua, akasimama pale na mkono wake juu ya chuma, akawaacha wacheke mpaka machozi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kunipa isipokuwa neno la mtu na mashahidi. Na mimi nilisimama mbele ya mashahidi hao nikasema si yangu. Ile aibu niliyokuwa nimemvika yeye miaka yote ilinirudia siku ile mkekani, na haijaondoka.

Yule fundi alikuwa amechuchumaa mbele yangu na chupa ya maji.

"Bibi, tuache? Tutaendelea kesho."

Nikamwambia anisaidie kuinuka. Nilikwenda mpaka kwenye ile madigadi, nikaweka kidole ndani ya mkato mkubwa, kisha kwenye kile kidogo. Chuma kilikuwa cha moto. Kingo zilikuwa laini, kutu imekula kila mahali lakini pale hapakukwama ngozi. Kijana naye akaweka kidole chake, akapapasa, akaanza kukunja uso.

"Ajali haiwi hivi," akasema. "Ajali ingekunja bati. Hii imekatwa, ikapigwa tupa." Akafungua picha zake, akazitazama, akanigeukia. "Lakini kiwandani haikutoka hivi. Si ya mwanzo, Bibi, lazima niijaze."

"Usiijaze."

"Nani aliikata?"

"Baba yangu."

"Kwa nini?"

Mjukuu wangu alikuwa ameegemea gurudumu, anasikiliza. Watu wawili watatu wa sokoni walikuwa wamesogea kuona bibi kizee anafanya nini na chuma. Niliwatazama wote. Nilikumbuka siku ile ya mwanamke mwenye mwavuli.

"Ni alama ya mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe nani?"

"Mimi. Ni yangu."

Fundi alinitazama kuona kama nafanya mzaha, akashindwa kujizuia, akacheka. Mjukuu wangu akacheka, na wale wa sokoni wakacheka pia. Nikaweka mkono wangu juu ya madigadi, nikawaacha wacheke.